Gia Moja na Njia ya Bondeni

Kwa miaka kumi na tisa Gia Moja alipeleka wageni kwa gari lake hadi inakoanzia njia ya msituni, na kwa miaka yote hiyo hakumheshimu hata mmoja. Watu wazima na akili zao wanalipa kupandishwa mlimani ili washuke kwa baiskeli! Wengine walikuja kutembea tu, kana kwamba kwao hakuna pa kutembea.

Ila aliyemdharau kuliko wote ni mkwewe, mume wa bintiye, aliyenunua gari juzijuzi akaingia kazi ileile, akiongozwa na ramani ya simu. Gia Moja ramani ya nini? Akifika njia panda hushuka, akatazama alama za matairi ya lori la magogo. Lilikopita lori, naye hupita.

Asubuhi moja msimamizi wa msitu alikuwa ameshatamka: atakayefikisha wageni kwenye geti la msitu kabla ya saa tatu, kazi ya msimu mzima ni yake. Kwenye njia panda, mkwe alikuwa amesimama akimsubiri.

"Shikamoo, baba. Jana mvua imenyesha sana. Simu inaonyesha bondeni hakupitiki. Tuzunguke kwa juu."

"Marahaba. Zunguka wewe na hicho kisimu chako. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Alama za lori zilikuwa mbichi, zimeelekea bondeni. Akatia gia ya kwanza, akaondoka akicheka.

Kilomita tatu mbele alilikuta lori lenyewe, limezama topeni hadi kwenye ekseli. Alama alizoziona zilikuwa za kwenda tu. Za kurudi hakuzitafuta. Alipojaribu kugeuza, na gari lake likazama.

Wageni wake wanne walishusha baiskeli, wakazibeba mabegani kuvuka tope. Mama mmoja wa makamo, ambaye Gia Moja alimcheka moyoni tangu mjini kwa ile suruali yake ya kubana, alimgeukia.

"Usijali, mzee. Tutafika wenyewe."

Wakapanda, wakapotea mitini.

Saa nne mkwe akatokea na kamba. Wageni wake mwenyewe walishafika getini zamani. Hakutamba wala hakucheka. Alilala matopeni na shati lake safi, akaifunga kamba chini ya gari la baba mkwe. Gia Moja aliona aibu hadi masikio yakamchoma, akatafuta cha kudharau.

"Fundo gani hilo? Limelegea."

"Likaze basi, baba."

Gia Moja akainama, akalivuta kwa nguvu zake zote. Lilikuwa limekaza tayari.