Kwa Kauli Moja

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa karatasi, penseli mbili na kiti kisicho na egemeo. Ilikuwa Mang'ula, katika ofisi ndogo ya serikali, nami nilikuwa binti wa miaka ishirini na miwili niliyetoka chuo cha uhazili. Karani Mkuu, mtu wa makamo aliyependa kaptula nyeupe na soksi ndefu, alisimama dirishani akanipa imla, yaani yeye anasema, mimi naandika. Alisema haraka makusudi. Nilipomaliza kuipiga chapa barua ile, aliisoma mpaka mwisho.

"Hapa nilisema 'wamekataa'. Wewe umeandika 'hawakukubali'."

"Nilidhani ni sawa, Mzee."

"Si sawa. Mtu akikataa, andika amekataa. Sisi hapa hatuna maoni. Maoni yetu tunayaacha nyumbani pamoja na sufuria."

Niliyaacha nyumbani kwa zaidi ya miaka ishirini na tano. Sasa miaka hii ya tisini inakwisha, sina tena ofisi, na vijana wa jirani wananiuliza kazi ya mpiga chapa ilikuwaje. Nitawaeleza. Safari hii maoni nayo nitayaweka.

Kazi yetu ilikuwa ya vidole na masikio. Kwenye mikutano tuliandika kwa hati mkato, alama ndogo zinazokwenda kasi ya mdomo, na kila mwandishi ana mkono wake. Daftari langu niliweza kulisoma mimi peke yangu. Tukirudi ofisini tunageuza alama zile kuwa muhtasari. Nakala zikitakiwa nyingi tulipiga kwenye stensili, karatasi yenye nta. Unatoa utepe wa wino kwenye taipureta, herufi zinatoboa nta, halafu stensili inavishwa kwenye mashine ya kurudufu na kuzungushwa kwa mkono. Ukikosea unapaka dawa nyekundu, unasubiri ikauke, unapiga upya. Kucha zangu zilikuwa nyekundu miaka yote, na wasionijua walidhani ni rangi ya urembo.

Kutoka Mang'ula nilihamishiwa Chita, ambako Mkuu wa kituo alisoma kila barua kwa sauti kabla ya kusaini, hata ya kuomba misumari. Mume wangu alifariki tukiwa huko. Nikaomba uhamisho, nikaletwa Ifakara pamoja na binti yetu Otilia. Hapo ndipo miaka ya tisini ilinikuta, nikiwa katibu muhtasi wa Mkuu wa Ofisi.

Mabadiliko niliyaona kwanza kwenye vichwa vya barua. Zamani kila mtu alikuwa Ndugu. Waziri Ndugu, mlinzi Ndugu. Ghafla nikaambiwa niandike Mheshimiwa. Vyama vikawa vingi, bendera zikajaa mpaka kwenye vibanda vya chipsi, watu wakashangilia, na mimi nilishangilia. Lakini aliyekaa meza ya mbele mkutanoni alibaki yule yule, ila sasa alikuwa Mheshimiwa. Nadhani tulipoteza kitu siku lile neno Ndugu lilipofutwa. Halikutufanya sawa, hilo najua. Lakini mkubwa alilazimika kulitamka, na kulitamka kulimkera kidogo.

Kisha likaja neno mwekezaji. Mara ya kwanza Mkuu aliponipa imla yenye neno hilo, alisimama akaniuliza linaandikwaje. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na barua isiyokuwa nalo.

Kampuni moja ilitaka ardhi ng'ambo ya mto ipande mitiki, ile miti ya mbao ghali. Jina la kampuni silitaji, wala la kijiji, wenyewe watajijua. Tulivuka kwa pantoni, mimi, Mkuu, na Meneja wa kampuni, kijana Mtanzania mwenzetu, mpole, aliyenibebea mkoba na kuniamkia shikamoo. Naeleza hilo kwa sababu vijana wengi wanadhani mtu anayekuja kukunyang'anya huja na uso wa kunyang'anya.

Kwenye uwanja wa shule walikuwa wametupangia ngoma ya sangula. Wachezaji walikuwa wamevaa kofia za kampuni, mpya, bado zina mikunjo ya kwenye boksi. Nilizaliwa upande wa Mahenge, sangula nimeicheza tangu sijaota meno vizuri. Siku ile waliimba jina la kampuni mahali ambapo huwa tunaimba majina ya mababu. Watu walicheka, nikacheka nao. Leo sicheki.

Meneja alitundika ramani ubaoni akaeleza kwamba kampuni itachukua pori tupu tu. Ndipo akasimama mwanamke mmoja mkulima, mjane kama mimi, wa rika langu. Anaitwa Felista.

"Baba," alisema, "hilo unaloita pori tupu ndiko tunakokimbilia. Mto ukipanda, na sisi tunapanda. Ukishuka, tunashuka kulima mpunga. Mkituzibia kule juu, siku ya mafuriko tukakae wapi? Kwenye ramani yako?"

Uwanja mzima ukapiga makofi. Mwenyekiti wa kijiji aliwataka wanaokubali wanyooshe mikono. Ilinyooka minne, miwili ya watu wenye kofia. Akaita wanaokataa, na hata akina mama waliobeba watoto wakanyoosha. Niliandika yote. Niliandika na neno la Felista la mwisho: "Tumekataa, mwandishi, umesikia? Tumekataa."

Kesho yake asubuhi Mkuu aliniita kwa imla.

"Baada ya majadiliano marefu," alianza, "wananchi waliafiki kwa kauli moja."

Penseli yangu ilisimama. "Samahani, Mkuu. Walikataa."

"Mama Otilia, wewe ulikaa upande wenye kelele."

"Nimeandika, Mkuu. Daftari ninalo."

Hakukasirika. Alifunga mlango, akaketi karibu nami kama mtu anayemfariji mfiwa. "Hili si langu wala si lako. Limeshaamuliwa huko juu. Sisi tunatakiwa kutoa karatasi tu ya kulifunika." Kisha akasukuma jalada jingine mbele yangu. "Ukimaliza huo muhtasari, upige na hii. Ni orodha ya watakaopunguzwa kazini. Bado haijajaa."

Otilia alikuwa kidato cha pili kwa masista. Nilivisha stensili kwenye taipureta nikapiga muhtasari ule kuanzia juu hadi chini. Sikukosea herufi hata moja. Sikuhitaji dawa nyekundu.

Wanakijiji walilalamika, na kamati ya watu watatu ikatumwa kuja kusikiliza. Walikaa Ifakara siku mbili. Wakauliza ushahidi gani upo, wakaambiwa kuna daftari la mwandishi. Nikaitwa. Felista na wazee sita walikuwa kwenye benchi la nyuma, na waliponiona niliona nyuso zao zinalegea, kama mgonjwa aliyemwona daktari. Walijua nilikuwepo. Walijua nimeandika.

"Soma, mama," alisema Mwenyekiti wa kamati.

Nilifungua ukurasa. Maneno ya Felista yalikuwa pale, alama kwa alama, mbio mbio za mkono wangu mwenyewe. Mkuu alikuwa amekaa pembeni anakata kucha. Niliziangalia alama zile zilizosema tumekataa, nikatamka: "Mama Felista aliuliza kuhusu mafuriko, akajibiwa, akaridhika. Wananchi waliafiki kwa kauli moja."

Hakuna mtu mwingine chumbani aliyeweza kusoma mkono wangu.

Felista alisimama. "Sikusema hivyo."

"Kaa chini, mama," alisema Mwenyekiti. "Mwandishi ameshasoma."

"Mwandishi," aliniita, bila ukali, "mbona sikusema hivyo?"

Niligeuza ukurasa kana kwamba naendelea kutafuta jambo. Kamati ikalichukua daftari likaingizwa kwenye jalada, na sikuliona tena.

Mawe ya mipaka yakasimikwa, waya ukafuata, mitiki ikapandwa kwa mistari iliyonyooka kama daftari la hesabu. Miaka miwili mitatu mto haukufanya makubwa, nikaanza kujiambia labda Meneja alisema kweli. Halafu ikaja ile mvua isiyokata. Maji yalipopanda, watu walipanda kama walivyozoea tangu enzi za babu zao, wakakuta waya na askari wa kampuni wenye amri ya kutofungua lango. Wakarudi kujibana kwenye madarasa ya shule, majuma mengi, mbu na homa. Mama mzazi wa Felista, ajuza aliyekuwa hawezi kutembea, alifia humo darasani. Taarifa ya vifo niliipiga chapa mimi. Jina lake lilikuwa la tatu kutoka juu.

Kilichonitoa kazini ni kompyuta. Ililetwa imefunikwa kitambaa cha mezani, pamoja na msichana mwenye cheti cha kuitumia. Mkuu wangu alikuwa ameshahamishwa kwa kupandishwa cheo. Mkuu mpya, kijana wa kumzaa, alinikabidhi barua ya kupunguzwa akasema, "Ni mabadiliko tu, mama. Usiyachukulie vibaya." Kumi tuliondoka siku ile. Tulipeana mikono uani kama watu waliotoka mazishini, kila mmoja akashika njia yake.

Sasa mnaniuliza nina maoni gani juu ya nchi. Naona tumejifunza kupiga kura na tumesahau kukataa. Naona wasomi wetu wanafanya kazi niliyoifanya mimi, tena kwa mashine nzuri zaidi. Mtawala wa zamani ukimchukia ulimjua uso na nyumba yake. Kampuni haina uso. Hata ukitaka kuishtaki kwa Mungu, hujui utaje jina gani. Wanaofika kwako ni watu wapole wanaokubebea mkoba. Padri ananiambia nisikate tamaa, ni dhambi. Basi nayo nimeiongeza kwenye ungamo.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilisikia Felista amehamia kijiji cha Kisawasawa, kwa kaka yake. Nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta uani anapepeta mchele kwa ungo. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akanisogezea kigoda.

"Nimekuja kukuambia," nilisema, "siku ile nilisoma uongo."

"Najua. Si nilikuwepo?"

"Walinitishia kazi, dada."

"Kazi unayo?"

"Sina."

Alipepeta kwa muda. Makapi yalikuwa yanamwangukia miguuni, kuku wanagombania.

"Mimi si mjinga," alisema. "Hata ungesoma kweli, wangechukua tu. Lakini mama alikuwa anaumwa pale darasani, kila siku ananiuliza kama ni kweli nilikubali. Namwambia mama, sikukubali, nilikataa mbele za watu. Anasema, mbona mwandishi amesoma kwamba ulikubali, mwanangu? Mwandishi atasemaje uongo, ana faida gani? Amekufa anaamini nimeuza."

Nilikaa pale kwenye kigoda mpaka basi la kurudi Ifakara lilipopiga honi barabarani. Nikaaga. Alijibu vizuri, kwa sauti ya kawaida, lakini hakuinuka kunisindikiza.