Soko Tulilolisikia Redioni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Sina hadithi ya sungura hapa. Nasikia mkibishana siku hizi, barabarani na kwenye simu zenu, kama nchi ikae na majirani kwenye biashara moja ama itoke ishike njia yake. Bishaneni, mdomo ni wako. Lakini kabla ya kusema "watoke", angalia ni nani amekupikia huo ugali unaoutafuna ukisema. Sisi hatukuangalia.

Mimi shule niliiona kupitia dirishani. Kusoma nilifundishwa na wamama wa kanisa nikiwa tayari na watoto, na Kiswahili nilikiokota sokoni, kwa hivyo ukipata kosa lirekebishe kimyakimya. Nilizaliwa Kosele, nikaolewa Muhuru Bay, karibu na mpaka kiasi kwamba jogoo wa Tanzania akiwika sisi tunaamka. Na kwetu Wajaluo mke haitwi kwa jina lake. Anaitwa kwa alikotoka. Nyar ni binti, kwa hivyo mimi ni Nyar Kosele tangu niingie kwenye boma hili hadi siku mtakayonifukia. Mtu akikuita hivyo amekuheshimu. Amesema una kwenu, hukuokotwa njiani.

Mwanangu alipotaka kuoa alioa ng'ambo ya mpaka. Haikuwa ajabu. Watu wa kule wanaongea kama sisi, makaburi ya wazee wetu yako pande zote mbili, na huo mpaka ulichorwa na watu ambao hawakutuuliza. Basi yule msichana akaitwa Nyar Tanzania. Watu walikuwa wakimwita wakicheka, kwa sababu kwao palikuwa karibu kuliko Kosele yangu. Angeweza kubandika maharagwe jikoni, aende amsalimu mama yake, arudi ayakute hayajaiva.

Sikumpenda mara moja. Mimi si mtu wa kupenda mara moja. Alicheka sana, na asubuhi alikuwa mzito. Lakini mikono yake ilijua muhogo. Mama yake alikuwa akiuleta kutoka ng'ambo, yeye anaumenya, anauloweka, anauanika mpaka unakuwa mweupe kama jino la mtoto. Wanunuzi waliokuja na lori kutoka Rongo na Homa Bay walifuata omena, wale dagaa wa ziwani, lakini hakuna aliyeondoka bila gunia la muhogo wake. Na alikuwa na mahali pazuri, pale langoni mwa soko ambapo lori linasimama. Hakupewa na mtu. Pale palikuwa tope tupu. Alibeba mawe kutoka ziwani kwa karai, akiwa na mimba, akajaza shimo, kisha akasimamisha nguzo zake. Kila baada ya mvua aliongeza mawe mengine. Palipokuwa tope hakuna aliyepataka.

Jirani yake sokoni alikuwa mwenyekiti wa soko. Huyo alikuwa mama mwenye mashua, mwenye omena nyingi, na mwenye redio kubwa kuliko zote. Mwanangu alikuwa akimshonea nyavu, ndiyo kazi yake iliyotulisha. Redio ya mwenyekiti ilikuwa inashika stesheni za Tanzania, kwa sababu za Nairobi zilifika kwetu zikikoroma.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Redio ikaanza maneno ya soko la pamoja. Asubuhi soko la pamoja, mchana soko la pamoja. Mkubwa mmoja anasema Tanzania ijitoe kwenye soko la pamoja, maana mali ya wenzao inaingia bila ushuru na viwanda vyao vinakufa. Mwingine anauliza, tukijitoa tutamuuzia nani? Wasomi wakaitwa, wafanyabiashara wakaitwa, kila mtu akasema yake.

Sasa sikieni kosa letu. Kwetu soko ni chiro, mahali unaweka gunia chini unapaza sauti. Soko lingine hatukulijua. Na soko la pamoja tulikuwa nalo moja tu, hili letu la Muhuru Bay, ambapo wanawake wa pande mbili waliuza pamoja. Kwa hivyo redio iliposema Watanzania wanataka kujitoa kwenye soko la pamoja, sisi tulisikia kwamba wale wamama wa ng'ambo wametuchoka, na wakubwa wao wamekaa Dar es Salaam wanazungumza juu ya Muhuru Bay. Wengine walijivuna hata. Ati tumejulikana.

"Nyar Tanzania," mwenyekiti alimwambia siku moja akipima omena, "kwani tuliwakosea nini nyinyi?"

"Sisi akina nani?"

"Si nyinyi mnaotoka. Redio imesema."

"Mimi nitoke niende wapi, na nimeacha nguo za watoto kwenye kamba?"

Tukacheka. Mwanzoni ilikuwa mambo ya kucheka. Wateja wakawa wanamwambia, "Nyar Tanzania, nipimie ya mwisho kabla hujajitoa!" Naye anawajibu, "Lete mkebe wako wa gorogoro. Nikijitoa nitajitoa na wewe, mume wako abaki akisonga ugali."

Lakini maneno ya redio yaliendelea, na kicheko kikaanza kuchacha kama uji uliosahauliwa. Soko likagawanyika vile watu wanavyogawanyika kwa mpira. Kukawa na watu wa "waende" na watu wa "wakae". Watu wa "waende" walikuwa na sauti kubwa. Mwenyekiti alisimama kati ya vibanda akasema, "Mtu akishafunga mizigo yake huwezi kuendelea kumpakulia. Hawa wanangoja tu msimu mzuri wa omena, ndiyo waondoke na wanunuzi wetu." Na mimi nilimwona alivyokuwa akiangalia pale langoni akisema hivyo. Macho yake yalikuwa kwenye zile nguzo.

Nilienda kwa mwenye duka la sukari na mafuta ya taa, Mwislamu aliyetoka pwani. Kwake Kiswahili ni cha mama. Nikamuuliza, hili soko wanalosema redioni liko wapi?

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha.

"Mama, soko hilo halina vibanda," akasema. "Ni mapatano ya serikali. Nchi nyingi zilikubaliana kupunguziana ushuru, wakayaita hayo soko. Tanzania ikijitoa, watakaosumbuka ni wenye malori ya saruji. Muhogo wa mkweo haumo."

"Basi njoo uwaambie."

Alikuja, maskini. Alieleza polepole, kwa adabu, mpaka mtoto angeelewa. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia, "Asante, bwana duka. Na wewe si kwenu ni Mombasa? Ukimaliza kutetea wageni tutakuuliza wewe unatoka lini." Watu wakapiga makofi. Yule bwana alirudi dukani kwake, na hakusema neno lingine juu ya jambo hilo. Simlaumu. Mwenye duka hawezi kugombana na wateja wake wote.

Watu huniambia, dani, yaani bibi, mlikuwa hamjui. Hapana. Kabla ya huyo bwana tulikuwa hatujui. Baada yake tulijua. Niliwaona usoni walipoelewa, mmoja baada ya mwingine, na niliwaona wakiamua kutoelewa. Kosa likishaanza kukufaa hutaki mtu akusaidie kulitoa.

Mkutano ukaitwa pale pale sokoni, lori lilipokwisha kuondoka. Neno lilikuwa moja. Wauzaji wa ng'ambo waondolewe sokoni kabla hawajajitoa wenyewe. Wale wengine wa ng'ambo walikuwa wamekwisha kuona hali na hawakuja. Nyar Tanzania alikuja, akasimama kando ya magunia yake. Kwake hilo halikuwa jambo la redio. Lilikuwa ni kama atauza kesho au hatauza, kama yeye ni wa hapa au si wa hapa.

Niliomba kusema.

"Hapa kuna mwanamke aliyezaliwa Muhuru Bay?" nikauliza. "Wewe mwenyekiti tunakuita Nyar Rongo. Yule pale ni Nyar Kanyamkago. Mimi ni Nyar Kosele. Sisi wote tulikuja na kikapu kichwani. Kama ni kufukuza mtu kwa jina la kwao, anzeni na mimi, mimi ndiye wa zamani."

"Kosele iko Kenya, mama," mtu akasema kutoka nyuma, na kicheko kikanifunika.

"Hizo nguzo zake zimesimama kwa mawe aliyobeba kwa kichwa."

"Mawe ni ya ziwa," mwenyekiti akajibu. "Na ziwa ni letu."

"Ziwa lina mpaka pia? Omena wako anabeba kitambulisho?"

Hapo walicheka pamoja na mimi, hawakunicheka. Mwenyekiti hakucheka. Alisema, "Tumesikia. Anayetaka waende, ainue mkono."

Mikono ikainuka. Niliiangalia yote, sikuuruka hata mmoja, mpaka nikafika pale kwenye nyavu, ambapo mwanangu alikuwa amesimama na sindano yake ya kushonea. Alimwangalia mwenyekiti kwanza. Akaangalia chini. Halafu akainua mkono. Hakuuinua wote, aliuinua mpaka kwenye bega, kama mtu anayejikuna. Lakini ulihesabiwa. Na mke wake aliuona.

Nguzo ziling'olewa siku ile ile. Nyar Tanzania hakulia na hakutukana. Alikunja gunia moja baada ya lingine, akatembea nyumbani. Jioni alipika, akampelekea mume wake maji ya kunawa mikono, ule mkono pamoja na mwingine. Mimi ningemmwagia hayo maji.

"Mama, usiniangalie hivyo," mwanangu akaniambia. "Mimi nakula kwa nyavu za mwenyekiti. Ningefanya aje?"

"Ungekuwa na mkono mzito," nikasema. "Ni hivyo tu. Hakuna aliyekuomba useme."

Mama wa ng'ambo alipata habari, akatuma neno kwamba binti yake arudi nyumbani na watoto, kwao bado kuna nafasi. Nyar Tanzania alinijia nikichambua mtama.

"Mama, nikae ama niende?"

"Nani amekuambia uende?"

"Soko. Na mwenye nyumba."

 Mwenye nyumba ni mwanangu, na nyumba ni ya mwanaume, ndivyo tulivyolelewa. Nikamwambia ashike upande wa pili wa ungo. Alishika. Akakaa siku hiyo, na nyingine, bila mtu kumwambia ni sawa.

Mwishowe redio ikasema Tanzania imeamua, inajitoa. Hakuna aliyepiga makofi sokoni, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumtoa tena. Wale wamama wa ng'ambo walikuwa wameacha kuja na mihogo na maharagwe. Wanunuzi wa Rongo wakaja, wakauliza muhogo mweupe uko wapi, wakaonyeshwa omena. Wakaanza kupunguza safari, halafu wakapata soko lingine ambapo wanajaza lori mara moja. Mwenyekiti alikuwa amehamia pale langoni na meza yake. Mvua ikaja, naye hakujua habari ya mawe. Pakarudi kuwa tope, na omena wake akawa ananuka mpaka mbwa wanapita mbali.

Sisi nyumbani tulikuwa na muhogo. Mama wa ng'ambo aliuleta hadi kwenye boma, kwa njia ile ile ya siku zote, na Nyar Tanzania akaanza kuuza chini ya paa la jiko langu. Majirani wakawa wanakuja, kwanza kwa kujificha, halafu mchana kweupe.

Ndipo siku moja nikasikia hodi. Alikuwa mwenyekiti mwenyewe, na gunia tupu mkononi, na nyuma yake wamama wawili wa ule mkutano. Sisi tulikuwa jikoni. Mwanangu alikuwa ameketi akila.

"Nyar Kosele, tumekuja kwa wema," mwenyekiti akasema. "Tunataka muhogo. Na tunataka umwambie Nyar Tanzania arudi sokoni, wanunuzi wanamuuliza. Yale yalikuwa maneno ya redio tu. Sisi wote si ni watu wa soko moja?"

Nyar Tanzania alikuwa ameshainuka kwenda kuleta viti. Ndivyo nilivyomfundisha. Katika boma hili hata mtu anayekuja na kesi anapewa kiti kwanza, ndiyo aanze kutukana. Tangu niolewe sijaona mgeni akisimama hapa. Nilimwona ameshika kiti kwa mikono miwili, kile cha kukaribishia wageni, na uso wake haukuwa na kitu chochote. Angewapa. Angewapa, angewapimia, angeenda kubeba mawe tena.

Nikamwambia arudishe hicho kiti mahali pake. Kisha nikasema kwa sauti, ili wale watatu wasikie, na watoto wasikie, na aliyekuwa anatafuna asikie:

"Huyu ni Nyar Tanzania, ni wa boma hili, na haendi popote. Anayekuja kununua kwake auziwe, na gorogoro lijae. Lakini aliyeinua mkono siku ile asipewe kiti hapa, anunue akisimama, aondoke akisimama. Na wewe mwanangu, wewe pia uliinua. Toka kwenye hicho kiti."