Mashairi Mafupi ya Msitu wa Amani

Mashairi yangu matatu kuhusu msitu wa Amani yalichapishwa na jarida moja la mtandaoni nikiwa nyumbani Pongwe. Nilituma habari hiyo kwenye kundi la familia. Wachache walinipongeza, kisha mazungumzo yakarudi kwenye harusi ya binamu yetu.

Mama, ambaye haoni tena maandishi ya simu, aliniita jikoni nimsomee. Nikasoma lile la kinyonga anayevuka njia baada ya mvua.

"Mbona umenyamaza?" akauliza.

"Limekwisha, mama."

Akacheka. "Basi rudia. Mimi bado namtazama, hajafika ng'ambo."

Nikarudia polepole. Alipotosheka, akaniambia nimpigie mama mdogo kule Maramba, naye nimsomee.