Apumzike

Kwa miaka ishirini na tisa mtaa mzima uliamka kwa sauti ya randa yake. Wenye saa walikuwa nazo, lakini wengi walimtegemea yeye. Fundi Randa, hivyo ndivyo walivyomwita, na jina alilopewa na wazazi likabaki kwenye vyeti tu. Kazi yake ilikuwa milango. Mlango wake haukukwama wakati wa mvua wala haukulegea wakati wa jua, na mwenyewe alikuwa mwembamba kama mbao zake, hata mkewe akimtania kwamba akigeuka ubavu haonekani.

Siku moja alikuwa akipiga randa mlango wa nyumba ya binti yake, mtoto wao wa pekee, moyo ukaanza kwenda shaghalabaghala. Ulikimbia, ukasita, ukaruka pigo, ukakimbia tena. Akaanguka kifudifudi juu ya maranda. Hospitalini walieleza kwamba chumba cha juu cha moyo kilikuwa kinatetemeka badala ya kupiga. Wakaustua kwa umeme, ukatulia. Wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande na vya kuupunguza moyo kasi, na kwenye karatasi daktari akaandika neno moja, kwa haraka ile ya madaktari: Apumzike.

Neno lenyewe lina tabu yake. Mfanyakazi hupumzika saa saba mchana akarudi kazini saa nane. Mstaafu hupumzika mpaka siku zake ziishe. Na marehemu naye tunasema amepumzika. Daktari hakuandika ni mapumziko yapi, na fundi na mkewe hawakuuliza, maana walikuwa na hofu, na mwenye hofu hapendi maswali.

Mkewe aliibandika karatasi ile kwenye mlango wa kabati kama sheria. Karakana iliyokuwa nyuma ya nyumba akaifunga kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Maji ya kuoga alimpelekea, viatu alimvisha. Mgonjwa haulizwi uji, basi Fundi Randa hakuulizwa. Uji ulikuja asubuhi, ukaja saa kumi, na sukari ya kutosha ili apate nguvu. Nguvu za kufanyia nini, hilo halikujadiliwa.

Kila mwezi mkewe alikwenda mwenyewe hospitalini na kadi, akasimama kwenye dirisha la dawa tangu asubuhi. Jirani alipomuuliza kwa nini haendi na mwenye ugonjwa, alijibu kwa fahari kwamba mgonjwa hapangi foleni. Kwenye dirisha nao walipokea kadi, wakatoa vidonge, wakaita mwingine. Miaka mitatu ikapita hivyo, bila daktari hata mmoja kumtia fundi machoni.

Watu walimsifu. Amenawiri, walisema, sasa anaonekana mtu mwenye mke. Suruali zikabadilishwa mara mbili, kisha mara ya tatu. Mwaka wa tatu miguu ikavimba, na kutoka kitandani hadi chooni ikawa safari yenye kituo katikati. Moyo nao ulikwisharudia vurugu zake. Hakusema. Alifikiri ndivyo ugonjwa ulivyo, na dawa aliyoandikiwa alikuwa anaitumia mchana kutwa, kwenye kiti.

Binti yake ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitalini, siku ambayo mama yake alikuwa ameshikwa na mgongo. Binti akabaki mapokezi na makaratasi, fundi akaingia peke yake. Daktari wa safari hii alikuwa mwanamke kijana. Akampima uzito, akapima sukari na shinikizo la damu, akauangalia moyo kwenye kioo cha mashine kwa muda mrefu. Kisha akamuuliza kwa siku anatembea kiasi gani.

"Sitembei, daktari. Napumzika."

"Tangu lini?"

"Tangu mliponistua kwa umeme."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ilikuwa wiki mbili, mzee," alisema. "Wiki mbili tu."

Akamweleza polepole. Moyo wa namna ile unataka mwenyewe atembee, ale kwa kiasi, awe mwepesi. Uzito, sukari na shinikizo vimeutanua, na uliotanuka kiasi kile hata ukistuliwa tena hautakaa sawa. Atembee, hatua chache leo, chache zaidi kesho, angalau usizidi kuharibika. Fundi akauliza habari ya randa. Daktari alitazama mashine kwanza, kisha akamwambia aisahau.

Hasira haikumjia. Kilichomjia ni woga wa kurudi nyumbani. Kifo angeweza kukivumilia, lakini hakuweza kuvumilia mkewe ajue.

Alipoulizwa daktari kasema nini, alijibu kwamba kasema bila mke angekuwa amekufa zamani. Mkewe akalia kwa furaha, na kidogo fundi naye aliamini. Ndipo akaongeza, kwa sauti ya kupapasa, kwamba pia kasema atembee. Mkewe akafuta machozi. Akataka kujua ni daktari gani huyo, na aliposikia ni binti mdogo, akacheka: mtoto wa juzi, anajua nini. Akanyoosha kidole kwenye kabati. Kulikuwa na njia moja tu ya kubishana na karatasi ile, na fundi hakuwa tayari kuitumia.

Siku ya dawa ilipofika, mkewe alibadili nguo akasahau ufunguo kwenye ile ya zamani. Fundi akauchukua. Kutoka mlango wa jikoni hadi karakana ni hatua ishirini na sita. Alisimama mara mbili. Mlango wa binti ulikuwa bado mezani, nusu laini, nusu mbichi. Akaipuliza vumbi randa, akasukuma. Mara ya kwanza maranda yalitoka marefu, meupe. Mara ya pili mafupi. Mara ya tatu randa ilikwama, moyo ukapotea njia kabisa, akaketi sakafuni.

Hapo ndipo mkewe alipomkuta.

"Nimekutunza miaka mitatu," alisema. "Unataka kuniulia mume kwa siku moja?"

Maneno yalikuwa mdomoni mwa fundi tayari. Wiki mbili, maneno mawili tu. Akatazama mikono iliyomfulia, iliyomvisha viatu, iliyopasuka vidole.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sitarudia."

Mkewe alimrudisha hatua zile ishirini na sita akiwa amemkumbatia kiunoni, akamketisha, akamtoa maranda moja moja kwenye suruali. Akaenda kufunga kufuli. Kisha akamletea uji, na hakumuuliza.