Kiganja cha Maharage ya Kale

Jumamosi, kwenye maonyesho ya mbegu za kale hapa Stockholm, nilimkalimania mama mmoja Mrundi anayeishi kitongoji cha Rissne. Mzee wa Kiswidi alimkabidhi kiganja cha maharage ya bibi yake, aina inayokaribia kutoweka, akapande. Mama akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akayamimina kwenye mfuko wake wenye maharage ya kila rangi.

“Umeyaua!” mzee akamaka. “Yatapotea humo!”

“Mwambie, mwanangu, kwetu tunapanda mchanganyiko. Baridi ikiua haya, yale yanabaki.”

Chuoni nimezoea kushinda midahalo. Nilifungua mdomo kwa hasira nimtetee mama, nikaona hata mzee ana haki, nikaishia kumimina mfuko mezani na kuyachambua ya mzee, moja moja.

Mama akanishika mkono. “Sasa wewe, mbona unaharibu mbegu?”