Kipande cha Shati la Arlys

"Lavonne, lete mkasi," Arlys Hegge aliniambia akiwa bado mlangoni, theluji imemjaa mabegani. "Nimekosa."

Baa yangu ya hapa kaskazini mwa Wisconsin ina sheria moja msimu wa kulungu: ukifyatua risasi ukakosa, nakukata kipande cha nyuma cha shati, tunakiandika jina lako na kukigongomea ukutani. Nimekata mashati miaka ishirini na miwili. Wengi huletwa na wenzao wakiburutwa. Arlys aliwinda peke yake, hakuna aliyemwona, na bado alikuja kujishtaki mwenyewe. Wanaume wangapi wamekosa wakafunga midomo? Wengi, tena nawajua.

Alikuwa mpishi wa shule, miaka arobaini na sita. Baba yao alimfundisha Verlyn, kaka yake, kuwinda. Arlys aliachiwa masufuria. Mzee alipofariki, Arlys alimwomba Verlyn amfundishe. Verlyn akamjibu mbele ya baa nzima, "Dada, kulungu haji na kifuniko. Baki na jiko lako."

Basi akaazima vitabu maktaba, akanunua bunduki ya mtumba, akalenga makopo kiangazi kizima. Alizunguka msitu wa serikali akisoma nyayo mpaka viatu vikatoboka. Alitaka kulungu mmoja tu, kwa mkono wake, kabla ya siku tisa za msimu kwisha.

"Umekosaje?" Verlyn alimuuliza jioni ile, akiwa amekaa kwenye kaunta.

"Nilifumba macho."

"Basi na kulungu naye alifumba, kwa kukuonea huruma!"

Baa ililipuka kwa kicheko. Nikakata shati lake jekundu la miraba, na yeye mwenyewe akashika nyundo.

Siku ya tisa, alasiri, alirudi na shati lilelile. Kwenye gari lake, nje, alilala kulungu jike. Verlyn alitoka kumkagua, akarudi hana utani.

"Nani kakusaidia?"

"Hakuna mtu."

"Hata kumpasua?"

"Nilifungua kitabu kwenye theluji, nikakiwekea jiwe kisijifunge. Imenichukua saa mbili."

Alikaa kwenye kaunta akatusimulia. Kulungu alitoka kwenye misonobari bila sauti, karibu kiasi kwamba alimwona pumzi ikitoka puani. Safari hii hakufumba macho. Alifyatua, na kulungu akaanguka palepale. Halafu msitu wote ukanyamaza, akaogopa kusogea, akijua kwamba yeye ndiye aliyeunyamazisha.

"Nilipiga magoti nikamwekea mkono ubavuni," alisema. "Alikuwa wa moto, Lavonne. Wa moto kama mkate. Theluji ilikuwa inaanguka, ikamwangukia kwenye jicho. Lilikuwa wazi, kubwa, na halikupepesa. Chembe moja, halafu nyingine. Nikasema hiki kitu kilikuwa kinatembea sasa hivi. Nikalia mpaka nikaaibika. Nikapapasa shati nyuma nijifute, kumbe hakuna kitu!"

Alicheka huku machozi yakimtoka tena. Nilingoja wanaume wamchambue. Nimewasikia kwenye kaunta hii wakihesabu pembe, uzito na hatua za risasi. Jicho sijawahi kulisikia. Nikaacha kufuta glasi, na mimi nimezaliwa kati ya hawa watu na nyama yao.

Verlyn aliivua kofia yake ya rangi ya chungwa akaiweka mezani.

"Wa kwanza wangu alikuwa hivyohivyo," alisema. "Jicho wazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba akaniambia nikilia hanileti tena. Nikaenda nyuma ya mti, nikasema naenda kukojoa."

"Hukuwahi kuniambia," Arlys alisema.

"Sijawahi kumwambia mtu."

Nikamwekea Arlys bia bila kuulizwa. Verlyn alivuta kiti karibu na dada yake. "Hebu nisimulie tena," alisema. "Anzia pale alipotoka kwenye misonobari."