"Perhaps" Mbele ya Wakwe wa Ouma

Naona haya hata kuwasimulia, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa Ouma, maana yeye huongeza chumvi. Ouma ni rafiki yangu tangu shule, na alipokwenda Katito kwa wazazi wa Atieno kuomba mke alinichagua niwe msemaji wake (kwetu mchumba mbele ya wakwe hutulia kama maji mtungini), eti kwa sababu nafundisha Kiingereza huko Ahero, na baba yake Atieno, mwalimu mkuu mstaafu, anakipenda Kiingereza kuliko chai.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee akauliza, kwa Kiingereza, kama Ouma atamjengea binti yake nyumba. Jibu lilikuwa ndiyo, basi. Lakini niliogopa kuahidi jambo la mtu mwingine, nikasema, "Perhaps," yaani labda. Sebule nzima ikanigeukia, na badala ya kufunga mdomo nikaanza kufundisha (ugonjwa wetu walimu), nikaeleza kwamba ndani ya neno hilo mna neno la kale, "hap", yaani bahati, kwa hiyo ukisema "perhaps" ni kama kusema bahati ikipenda, itakuwa, isipopenda, basi...

"Ngoja kwanza, mwalimu," akasema shangazi yake Atieno. "Mtoto wetu atalala kwa nyumba ama atalala kwa bahati?"

Nikacheka, peke yangu. Nikajitetea kwamba "hap" hiyohiyo ndiyo iliyozaa neno la Waingereza la furaha, "happy", na, kusema kweli, lile la ajali pia, "mishap". Shangazi akageukia jikoni. "Hiyo kuku ikae kwanza!"

Hapo Ouma akasimama, desturi au hakuna desturi. "Baba, nitajenga. Mawe yako tayari nyumbani." Akakaa. Mzee akaitikia kwa kichwa, na kuku akaletwa.

Atieno akapita akitunawisha mikono. Alipofika kwangu akaninong'oneza, "Shemeji, kwani alikuambia hana uhakika?"

Ouma hakuwahi kuniambia hivyo. Woga ulikuwa wangu, nikautia moyoni mwa binti wa watu. Nikamwapia kwamba Ouma hana shaka hata chembe, lakini Atieno alikuwa ameshaanza kumtazama mchumba wake kwa jicho la kuuliza, na chakula kile sikukionja utamu.

Siku hizi nikiulizwa jambo la mtu, namwita mwenyewe ajibu.